Nduma Hailimwi kwa Viatu

Mama mkwe wangu, Hannah, alikuwa na sheria moja kwenye shamba lake la nduma pale bondeni Kinoo: hakuna kuingia na viatu. Eti gamboti zinavunja machipukizi, na marehemu mumewe hakuwahi kuzivaa. Mimi Kanyiva, Mkamba wa Mwingi niliyeolewa na mwanawe Gichuru mwaka wa 2004, ningebisha vipi? Nikavua, nikaingia topeni, tukalima, yeye mbele mimi nyuma.

Nikashika mimba. Nguvu zikaanza kuniishia. Kupanda tu kutoka bondeni, nakaa chini njiani kama ajuza. Nikawa natamani yale mawe laini ya wajawazito yanayouzwa kioskini, natafuna mpaka ulimi unakuwa mweupe. Kliniki wakapima damu, ikawa kidogo sana. Nesi Mwololo akaniambia peupe kwamba nikizaa nikiwa hivyo, kutokwa na damu kidogo tu kunaweza kuniua.

Basi Mama akachachamaa. "Watu watasema nimemnyima mke wa mwanangu chakula! Mimi!" Ikawa maini na mboga ya managu, asubuhi na jioni. Vidonge vya madini ya chuma nilivimeza kwa chai nzito ya maziwa, maana kwake mtu hamezi dawa kwa maji matupu kama asiye na kwao. Nilikula mpaka nikayachukia maini. Damu haikupanda.

Mwololo akaagiza nipimwe choo. Haki, aibu niliyoona kubeba kile kichupa mbele ya mama mkwe! Majibu yakatoka: minyoo ya safura, tele.

"Inaingilia miguuni," Mwololo alisema, akitutazama sote wawili. "Mvua ikinyesha, vyoo vya huko juu vinavujia bondeni kwenu. Ikifika tumboni inang'ata utumbo na kunyonya damu. Utumbo wenyewe ukishaumia, hauchukui vizuri madini yaliyo kwenye chakula. Na chai inazuia hata hayo machache. Mnajaza maji kwenye ndoo iliyotoboka. Umeze dawa, na nyumba nzima imeze."

Mama akasimama. "Minyoo ni ya watu wachafu. Nimelima nduma tangu niolewe, umewahi kusikia nimeanguka?" Akaviacha vidonge vyake mezani, akatoka.

Nilikasirika, jamani! Kwa hiyo mchafu ni mimi?

Nilimeza dawa, nikaacha chai, na bondeni sikushuka tena. Damu ikaanza kupanda, lakini polepole, na mtoto hakungoja. Uchungu ulinishika mapema, tukakimbizwa hospitali. Msichana wangu alizaliwa mzima, ila damu ikanitoka na ikakataa kukoma. Nilimsikia daktari akisema atafutwe wa kunitolea damu, haraka.

Gichuru alikuwa bado njiani kutoka dukani kwake Dagoretti Corner. Aliyekuwepo ni Mama. Nilimwona akikunja mkono wa sweta kabla hajaulizwa.

"Chukueni yangu," alisema. "Hata yote." Akaondoka na nesi.

Alirudi upesi mno. Gichuru alikuwa ameingia akihema, naye akapelekwa maabara. Damu yake ilifaa, ndiyo maana niko hai. Lakini Mama alisimama kando ya kitanda, pamba kidoleni.

"Wamenikataa," alisema. "Wanasema damu yangu hainitoshi hata mimi mwenyewe."

Akaanza kulia. Mwanamke aliyenilisha miezi yote ile, kumbe mwilini mwake hakukuwa na cha kunipa. Hasira yangu yote ikaisha, nikamwonea huruma.

"Mama, keti," nikamwambia. "Wewe pia ni mgonjwa."

Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, akanitii.