Kigoda Chini ya Maji Meupe

Alichokiona kwanza ni nyayo. Zilikuwa ndogo kama punje za mtama, za maji meupe, zimeanzia mlangoni zikapita chini ya meza hadi kwenye beseni la vyombo. Msafisha vizimba alidhani ni maziwa yamemwagika, akachukua tambara akazifuta. Kesho yake jioni zilirudi, safari hii na wenyewe.

Walikuwa panya wa kazini. Aliwatambua kwa masikio yaliyotobolewa. Wote walikuwa wamekufa, na wote walikuwa wamelowa.

"Waambie wafute miguu," mama yake alisema, akainua yake ili wapite.

Kazini, kwenye maabara ya daktari mmoja, kulikuwa na karai pana kama meza. Kila asubuhi alilijaza maji ya uvuguvugu, akakoroga unga wa maziwa mpaka chini kusionekane, akaficha humo kigoda cha kioo. Panya alitiwa majini aogelee mpaka akipate. Panya hao walizaliwa na hali ya Down, ile inayochelewesha akili, kama Bosi, mdogo wake, na daktari alikuwa akiwajaribia dawa ya kuwaongezea akili. Wasiopewa walizunguka tu mpaka waopolewe. Waliopewa walianza kwenda moja kwa moja kwenye kigoda, wakasimama juu yake wakitweta.

"Huyu sasa ana akili kuliko shemeji yangu," daktari alisema, akapiga makofi.

Kisha aliwaua, waliofaulu na wasiofaulu, ili akate ubongo wao vipande vyembamba aone tofauti. Msafisha vizimba alibaki kuosha karai. Alikuwa mtu wa haya. Shule aliiacha darasa la tano bila hata kumuaga mwalimu, na kwa daktari hakuwahi kusema zaidi ya "ndiyo" na "tayari."

Nyumbani, panya waliingia kwenye beseni, kati ya vikombe, wakaogelea wakitafuta kigoda. Hakikuwepo. Waliofaulu ndio waliohangaika zaidi, maana walikumbuka.

Bosi aliitwa Bosi kwa sababu aliwaamuru watu wote wa nyumba ile. Aliwatazama panya, akasonya, akazamisha bakuli kifudifudi ndani ya beseni.

"Panda," aliwaambia. "Kwa zamu! Wewe mwenye sikio bovu, ngoja."

Wakapanda kwa zamu. Toka siku hiyo vyombo vilioshwa mapema, beseni libaki wazi.

Mama hakuwajali panya. Alichojali ni dawa.

"Iliwasaidia hao?"

"Iliwasaidia."

"Basi lete. Kidogo tu, ncha ya kijiko. Mimi ni mtu mzima sasa, mwanangu. Nikifa, huyu atabaki na nani?"

Swali hilo alikuwa akiliuliza tangu Bosi azaliwe. Aliwauliza majirani, alimuuliza Mungu, aliiuliza sufuria. Kila mara msafisha vizimba alitazama sakafu. Jibu lilikuwa moja tu, na alijua likishasemwa limesemwa.

Dawa aliileta, kichupa kidogo ndani ya soksi. Jioni ile mama alikifungua juu ya chai ya Bosi. Panya walikuwa wameongezeka hadi wengine wakangoja foleni mguuni mwa meza. Kazini karai lilikuwa limeshaoshwa kwa ajili ya kundi jipya, na asubuhi angelijaza tena, kwa kuwa ndiyo kazi. Bosi hakugeuka. Mikono yake ilikuwa majini hadi viwiko, ameshikilia bakuli lisiteleze.

"Mama, wengi wa hao unaowaona walifaulu, na wakauawa vilevile," msafisha vizimba alisema.

"Panya ni panya." Mama aliinamisha kichupa, kikagonga ukingo wa kikombe. "Mimi nauliza habari ya mtu. Nikifa, atabaki na nani?"

Mwenye sikio bovu akapanda bakuli, akatulia.

"Na mimi," msafisha vizimba alisema. "Atabaki na mimi."