Siku ya Kujibiana

Seth alikuwa ameshakula kiapo kwamba siku hiyo hatafungua mdomo. Wacha wenzake waigane, wacha wavunjane mbavu kwa kicheko mpaka jua lichwe. Yeye angekaa benchi la nyuma, apokee hati yake ya kumaliza shule, na kesho yake ashike njia ya Gulwe kupanda gari la moshi kwenda Tabora, ambako kazi ya ukarani ilikuwa ikimngoja. Miaka mitatu amekaa kimya. Alasiri moja itamshinda?

Ilimshinda, kwa sababu Mama Matonya alikuja.

Hakuna aliyemwalika. Walioalikwa ni wazazi wa vijana wanaomaliza, na mwanawe Matonya alikuwa ameandikwa mtoro tangu mwaka wa pili wa shule. Hata hivyo mama wa watu alitoka kwao upande wa Kibakwe tangu jana yake, akalala njiani kwa ndugu, akafika amevaa kaniki mpya na kubeba kibuyu cha maziwa ya mgando. Seth alipomwona aliinuka, akainamisha kichwa.

"Mbukwenyi, mama."

"Mbukwenyi, mwanangu. Mwenzako hajafika?"

"Bado, mama."

Ati bado! Ulimi gani huu, jamani, unaoweza kutamka neno kama hilo na usikauke?

"Atafika tu," alisema mama. "Popote alipo habari itamfikia. Hawezi kuwaacha mmalize bila yeye, na mlivyokuwa mkipendana." Akaenda kuketi mkekani na wazazi wengine, kisha akajisogeza kidogo, akabakiza nafasi ya mtu mmoja ubavuni mwake.

Sasa msimwonee Seth huruma mapema mno. Katika watu wote waliojaa uwanjani, ni yeye peke yake aliyejua kwamba Matonya hakutorokea pwani wala popote. Matonya alikuwa pale pale, juu ya mlima wa mawe ulioinamia shule, ndani ya ufa. Seth alijua pia kwamba asiposema leo, kesho yuko ndani ya gari la moshi, na mama huyu ataendelea kubakiza nafasi mkekani mpaka naye afe.

Shule ilikuwa ya serikali ya Wadachi, lakini Mdachi mwenyewe alionekana mara mbili tu kwa mwaka. Aliyeishika shule ni Mwalimu Makame, mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye ulimi mkali na kiboko kikali kuliko ulimi. Kila asubuhi na kila jioni aliwapanga uwanjani, akafungua daftari, akaita majina kwa sauti iliyofika mpaka mashambani. Kila aliyeitwa alijibu kwa neno la Kidachi, "Hia!", maana yake nipo hapa. Asiyejibu alikula viboko kumi.

Siku ya kuagana, mambo yote hayo yalipinduliwa. Mwalimu alivuliwa kofia akaketishwa kwenye benchi la wanafunzi, na kijana mmoja akashika daftari akawa yeye. Mchezo wenyewe uliitwa kujibiana. Jina likiitwa, mwenye jina alifunga mdomo wake, akajibiwa na mwenzake kwa kuiga sauti yake na madaha yake yote, halafu mwenzake huyo akatoboa siri moja ya upuuzi alioufanya shuleni. Mwenye jina akinuna, anamwagiwa mtungi wa maji.

Mwaka huo daftari alilishika Mustapha, mtoto wa muuza nguo, kijana mnene asiyejua kunong'ona. Alivaa kofia ya Mwalimu, akabana pua.

"Kimya! Nani amekohoa? Atakayekohoa tena nitamkohoza mimi!"

Uwanja mzima uliangua kicheko. Mwalimu Makame alifuta machozi kwa upindo wa kanzu. "Ebo! Mimi ndivyo ninavyosema?"

"Kila siku, Mwalimu!"

Lilipoitwa jina la Hamidi, mtu alijibu kwa kigugumizi cha Hamidi, akafichua kwamba ile dawa chungu ya homa aliyopewa kumeza mwezi mzima, Hamidi aliimezesha mbuzi wa Mwalimu. "Na mbuzi yule," akasema, "mpaka leo hajaugua homa." Lilipoitwa la Methusela, likajibiwa kwa mwayo mrefu, na watu wakaambiwa jinsi Methusela alivyopanda mti siku alipoliona gari la moshi mara ya kwanza, akauliza kutoka huko huko juu lile linyama linakula nini. Methusela alicheka kuliko wote.

"Seth!" aliita Mustapha.

Methusela aliruka haraka kulipiza kwa mwingine yale aliyofanyiwa yeye. Alijibu "Hia!" kwa sauti nyembamba, kisha "Hia!" kwa sauti nene, kisha "Hia!" kwa kigugumizi cha Hamidi.

"Siri ya Seth hii hapa," alisema. "Mwaka wa pili nusu ya darasa tulikuwa mtoni tunaoga, na huyu bwana alikuwa amesimama uwanjani akijibu majina kumi kwa sauti kumi! Mwalimu hakujua lolote!"

Lo, walicheka! Mwalimu Makame alijipiga paja. "Kumbe! Na mimi nikijisifu nina darasa lisilokosa mtu!" Seth naye alicheka, kwa kuwa lazima acheke, huku kanzu ikimganda mgongoni kwa jasho. Alichungulia mkekani. Mama Matonya hakucheka. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na jirani yake alikuwa akimtafsiria sikioni.

Ndivyo ilivyokuwa ile Alhamisi aliyopotea Matonya, miaka mitatu nyuma. Matonya, mtoto wa wafugaji aliyefika shuleni na mgolole na kuwashinda wote hesabu, alikuwa ameona nyuki wakiingia kwenye ufa mlimani. "Nitashuka kwa kamba," alimwambia Seth baada ya chakula cha mchana. "Nikichelewa, nijibie." Akachelewa. Jioni Mwalimu alipoliita jina lake, Seth alijibu kwa sauti ya Matonya, sauti ya kukoroma kidogo, na haikuwa kazi ngumu. Usiku mwenzake hakurudi. Asubuhi Seth alijibu tena, akijiambia atatokea sasa hivi. Jioni alijibu mara ya tatu, na safari hii si kwa upendo. Alijua sasa ikigundulika watachapwa wawili.

Kulikuwa na jambo jingine, na hilo ndilo lililomnyima usingizi miaka yote. Mara zote tatu, baada ya Seth kujibu, mlima ulijibu nao. "Hia," kwa mbali, juu kule kwenye mawe. Wanafunzi walicheka. Mwalimu Makame mwenyewe alicheka, akasema, "Hata mlima leo una adabu," akaendelea na jina linalofuata. Wote walisema ni mwangwi. Lakini mlima ule haukuwa na mwangwi. Walishaujaribu mara mia walipokuwa wageni, wakaupigia kelele na kuutukana, haukurudisha hata neno. Na ikiwa ulikuwa mwangwi, mbona uliyajua majina? Hamidi aliitwa akajibu, mlima kimya. Methusela akajibu, mlima kimya. Ulijibu penye jina moja tu.

Jumamosi asubuhi, Seth alipojibu, mlima haukujibu tena.

Siku hiyo hiyo Mwalimu alipita benchi kwa benchi, akaona nafasi tupu, na kwa kuwa daftari lilimwonyesha yupo mpaka asubuhi ile, askari walitumwa kwenye njia ya reli kumkamata mtoro ambaye hajafika mbali. Hakuna aliyetazama mlimani. Walipomkosa walimchukua baba yake, wakampiga viboko hamsa ishirini mbele ya boma kwa kulea mtoro. Jumapili Seth alipanda peke yake. Aliikuta kamba imefungwa kwenye mti, nusu yake imekatika. Aliita, akaita, hakuitikiwa. Basi akaifungua ile kamba, akaitupia ufani, akashuka akaenda kula. Sitamtetea. Alikuwa na miaka kumi na mitano na alikuwa na hofu, lakini kamba aliitupa kwa mikono yake.

Tangu siku hiyo kila alipoitwa jina lake alisita kidogo kabla ya kujibu, akitega sikio.

"Nani bado?" Mustapha alikuwa akibwabwaja huku amelowa jasho la furaha. Alifunua ukurasa, macho yake yakashuka, na kinywa kikatangulia akili. "Matonya!"

Kicheko kilikatika. Mustapha mwenyewe alishika mdomo. Mwalimu Makame hakuwahi kulifuta jina lile, kwa kuwa mtoro huweza kurudi.

Mama Matonya alisimama. Hilo jina halikuhitaji mkalimani. Hakumtazama Mustapha wala Mwalimu. Aligeuka kutazama njia inayoingia uwanjani, akajitengeneza kaniki begani, uso umemchangamka kama wa bibi harusi.

Na hapo kijana mmoja mpumbavu, kwa kutaka kuokoa shughuli isiharibike, alipaza sauti: "Seth, mjibie! Mjibie kama zamani!"

"Mjibie!" wengine wakadakia, nusu kwa mzaha, nusu kwa aibu.

Seth aliinuka. Koo lake lilishakaa tayari, ule mkoromo mdogo umeshapanda wenyewe, na alihisi kwamba akilegea tu neno litatoka, na mama atalisikia, na atageuka kumtafuta mwanawe katikati ya benchi. Kichwani aliusikia mlima ukivuta pumzi. Alipiga moyo konde.

"Hayupo," alisema.

Kisha akalirudia kwa Kigogo, ili mama asikie kwake yeye na si kwa jirani. "Matonya hayupo, mama. Hakutoroka. Alikwenda kurina asali mlimani, akaangukia ufani, na mimi nikawa ninamjibia." Alieleza yote, Alhamisi na Ijumaa na kamba. Alipofika kwenye sauti ya mlimani alishindwa, akaanza upya. "Alikuwa anajibu mwenyewe, mama. Akisikia anaitwa, anajibu. Lakini mimi nilikuwa nimeshajibu, kwa hiyo hakuna aliyemsikiliza."

Mwalimu Makame aliinuka kwenye benchi. "Nilicheka," alisema polepole. "Ya Rabi. Mimi nilicheka."

Seth alingoja mama ampige. Alikuwa radhi. Alikuwa radhi kwa kofi, kwa laana, kwa boma, kwa hati yake kuchanwa mbele ya watu. Mama hakufanya hata kimoja. Aliuliza tu, "Siku ngapi?"

"Mbili, mama. Ya tatu hakujibu."

"Nipeleke."

Walipanda kundi zima, vijana wenye kanzu nyeupe na wazazi wao, jua likiwa bado juu ya vilima. Kwenye ufa walimfunga Hamidi kamba kiunoni, kwa kuwa ndiye mwepesi kuliko wote, wakamteremsha. Alikaa kidogo huko chini. Kisha akapaza sauti, bila kigugumizi, kwamba ameona. Aliposhushiwa kitambaa alikusanya alichokusanya, akapandisha.

Mama Matonya alipiga magoti akakipokea, akakipakata. Wanawake walianza kulia, yeye bado.

Seth alisogea, akapiga magoti nyuma yake. "Nisamehe, mama."

Hakuna dalili kwamba alisikia. Alikuwa akizungumza na kile alichokipakata, kwa sauti ya chini ya kubembeleza, na Seth, aliyejua Kigogo tangu titi la mama yake, alisikia kila neno.

"Mwaka jana tulimzika baba yako, nawe hukuja," alisema mama. "Nikasema, mtoto gani huyu, asiyekuja hata kumtupia baba yake udongo? Nikakulaani, baba. Nilisimama pale kaburini, mbele ya watu wote, nikakulaani kwa jina lako. Nikasema ukirudi usinikute, na ukiniita nisikuitikie. Halafu nikakutamani, nikaja hivyo hivyo kukungoja." Akainamisha paji la uso mpaka likagusa kitambaa. "Nisamehe, mwanangu. Nisamehe. Nisamehe."

Aliendelea kulisema neno hilo. Seth alibaki amepiga magoti kwenye mawe, akingoja jibu la lile aliloliomba yeye, mpaka watu walipomwinua mama wakaanza kushuka naye.