Alama ya Kijani

Henri alipokuwa bado anaandika programu, Goma nzima haikuwa na mtu wa kumshinda kwa uangalifu. Ndiye aliyemfundisha Kasoki kazi, akimwambia kompyuta haina aibu: ukiituma iseme uongo, itausema mchana kweupe bila kupepesa macho. Kisha wakamfanya shefu, mkuu wa ofisi, akawa mtu wa mikutano.

Ofisi yao ilikuwa mtaa wa Murara, chumba kimoja juu ya duka la saruji. Humo walitengeneza programu ya vituo vya afya vya barabara ya Rutshuru. Mama mjamzito akizidiwa, muuguzi anabonyeza simu, ujumbe unamfikia motari, dereva wa pikipiki, aliye karibu, naye akijibu, alama ya kijani inawaka kwenye simu ya muuguzi. Isipowaka, muuguzi anajua mtandao umekufa, anatuma mtu barabarani kusaka pikipiki. Programu haikuwa na urembo, lakini ilikuwa ya kweli.

Wiki ile wageni waliokuwa wakiigharimia kazi hiyo walitarajiwa kuvuka mpaka kutoka Gisenyi. Henri akatazama kompyuta, akakunja uso.

"Kasoki, hii kijani inachelewa sana. Wageni watafikiri programu imelala."

"Haichelewi, shefu. Inangojea motari ajibu."

"Basi isingojee. Muuguzi akibonyeza tu, iwake."

Kasoki alidhani hakusikia vizuri. "Shefu, mtandao ukikatika, simu itasema motari anakuja, na motari hajui kitu. Ni kumudanganya mama wa watu."

"Wageni wakienda, utairudisha." Henri alikuwa ameshageukia simu yake. "Ama unajua kazi ingine iko wapi katika huu muji?"

Lévi, aliyekaa meza moja na Kasoki, alisikia kila neno. Kasoki akamtazama, Lévi akainamia kibodi. Basi Kasoki akaketi, akafuta mstari mmoja, akaandika mwingine. Alipomaliza, hata chai yake ilikuwa haijapoa.

Wageni wakaja, wakaona kwenye kompyuta kijani kimetapakaa toka kituo cha Kibumba hadi Rutshuru, wakapiga makofi. Walipoondoka, Kasoki akauliza kama arudishe mstari wa zamani. Henri akasema angoje kwanza ripoti iishe.

Mvua ikanyesha Kibumba, mtandao ukafa. Mukashyaka, mke wa mkulima wa viazi, alikuwa kituoni akitokwa na damu. Muuguzi Umuhoza akabonyeza simu, kijani kikawaka papo hapo. Akamfunika mgonjwa blanketi, akamwambia ajikaze, pikipiki iko njiani. Wakangoja. Walingoja mpaka mvua ikakatika, na Umuhoza alipoamua kutuma mtu barabarani, mtoto alikuwa amekwisha kufa tumboni. Mukashyaka mwenyewe aliponea chupuchupu.

Mkutano ukaitishwa. Henri akafungua historia ya programu mbele ya wote, mahali ambapo kila badiliko huhifadhiwa pamoja na jina la aliyelifanya.

"Huu mustari uliandikwa na nani?"

"Ni mimi. Na ni weye ulinituma, shefu."

"Niliandika wapi kwamba ninakutuma?"

Hakuwa ameandika popote. Amri ilitoka mdomoni, ikaishia hewani. "Lévi alikuwa pale," Kasoki akasema. Lévi akajibu kwamba siku ile alikuwa anasikiliza muziki.

Hawakumfukuza, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyeijua programu ile. Waliandika kwamba lilikuwa kosa la fundi, wakamwachia kiti chake, na kukikalia kile kiti kulimuuma kuliko kufukuzwa. Akarudisha mstari wa zamani, akaujaribu tena na tena, kisha akatumwa Kibumba.

Umuhoza akampokea vizuri, akampa chai ya maziwa, akamwachia simu aifanyie kazi.

"Sasa inasema kweli, mama. Isipowaka, ujue hakuna mutu anakuja."

"Aksanti, binti yangu." Umuhoza akamwongezea chai. "Na ule aliyeandika uongo, mulimufukuza?"

Kasoki akaweka kikombe chini. "Hapana, mama. Angali anatumika kazi yake pale ofisini."

"Mm." Umuhoza akakusanya vikombe.

Mara akaletwa mama mwingine, amebebwa na shemeji zake kwenye machela. Kasoki akaichukua simu. Mtandao ulikuwepo, safi kabisa. Akamnyooshea muuguzi. Umuhoza hakuitupia hata jicho.

"Acha hiyo! Weye uko na miguu ya ujana, kimbia barabarani uniitie motari!"

Kasoki akaiacha simu mezani, akakimbia juu ya mawe ya volkano akiwa na viatu vyake vya ofisi, akapunga mikono kwa kila pikipiki iliyopita na magunia ya kabichi, akipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Wengi hawakusimama. Hatimaye mmoja akashusha mzigo wake kando ya njia. Mama yule alifika hospitali akiwa hai, na mtoto wake pia.

Kasoki aliporudi Murara, Henri akamwuliza, "Kibumba wanaitumia?"

"Programu iko sawa. Lakini hawaitumii, na hawataitumia tena."

"Basi kwenye ripoti ya wageni, andika tu kwamba iko sawa."

"Andika mwenyewe, shefu. Na jina lako chini."

Henri akageuza kiti, akamwita Lévi aje aiandike.