Kete Mia na Sitini na Mbili

Mume wangu Kabdesh alikuwa akiutupia ubao wa mchezo wetu wa kete jicho moja tu, kisha anakutajia kila shimo lina kete ngapi. Mashimo kumi na nane, kete mia na sitini na mbili, naye anakufunga huku anakunywa chai! Miaka saba mfululizo hakushindwa na mtu.

Mwaka wa themanini na sita jeshi la akiba likamwita. Wakampeleka Chernobyl kuendesha lori la zege, anamwaga chini ya kinu cha nyuklia kilicholipuka, anarudi kupakia tena. Baada ya miezi mitatu alirudi mzima, tukachinja kondoo.

Kusahau kulikuja polepole. Kwanza funguo. Halafu anaingia zizini, anasimama katikati ya ng'ombe, ananiita, "Zhumakul, nimefuata nini huku?" Mimi nacheka. Kisha siku moja alikaa mbele ya ubao, akatazama, akatazama, akaufunika kwa kitambaa. Siku hiyo sikucheka. Watu wakasema ni vodka, na mume wangu hanywi hata tone.

Miaka minane akakaa hivyo. Mimi ndiye niliyemburuta hadi mjini Semey kwa daktari wa ubongo, Galina Stepanovna. Alimsomea maneno kumi, akamwambia ayarudie. Kabdesh alirudia matatu. Akainamisha kichwa kama mwanafunzi aliyefeli.

"Inua kichwa," daktari akamwambia. "Huu si uvivu, wala wewe si mwendawazimu. Waliotoka Chernobyl ninawapokea hapa kila mwezi, na wengi wana shida hiihii: kumbukumbu, umakini, mawazo kwenda polepole. Yaliyopotea siwezi kukuahidi kuyarudisha. Ila acha kushika kila kitu kichwani. Shika kimoja, kimalize, ndipo ushike kingine."

Basi lilikuwa likikaribia nyumbani. Ghafla Kabdesh akanishika mkono. "Mama, kimoja kimoja! Hata ubao unaweza kuchezwa hivyo!"

Majira yote ya baridi tulicheza. Zamani aliona hatua sita mbele. Sasa anahesabu mashimo upya kila zamu, midomo ikimchezacheza, anatafuta hatua moja nzuri. Moja tu. Hadi theluji inaanza kuyeyuka alikuwa ananifunga hata mimi, na mimi si mtu wa kuchezewa.

Siku ya Nauryz, mwaka mpya wetu, palikuwa na mashindano ya ubao, na zawadi ilikuwa mwanafarasi mwekundu. Kabdesh akajiandikisha. Watu wakageuziana macho. Akamfunga wa kwanza. Akamfunga wa pili! Bakuli la supu likapoa mkononi mwangu. Fainali akakutana na Tanat, bingwa wa mwaka uliopita, kijana aliyefundishwa mchezo na Kabdesh mwenyewe.

"Kaka, nikuletee mto ulale kidogo kabla hujacheza?" Tanat akamtania, maana Kabdesh alikuwa mzito kwa kuhesabu.

"Ulete wa kwako wa kulilia," Kabdesh akajibu, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Mshindi ni mwenye kuzoa zaidi ya kete themanini na moja. Tanat akafika sabini na tano, Kabdesh sabini na tatu. Watu wamebanana hadi sipumui. Hapo mbwa wawili wakapigana, kelele zikazuka, Kabdesh akageuka kutazama. Aliporudisha macho ubaoni, nikaona uso wake umekuwa mtupu. Naujua uso ule.

"Zamu ya nani?" akauliza kwa sauti.

Mtu akacheka nyuma. Zamu ilikuwa ya Kabdesh. Tanat angeweza kunyamaza tu, akacheza, nani angemuuliza? Akamtazama mwalimu wake. "Yako, kaka," akasema taratibu. "Hesabu tu, sina haraka."

Kabdesh akahesabu. Shimo moja, jingine, jingine. Akachota, akamwaga kete moja moja, ya mwisho ikaangukia upande wa Tanat kwenye shimo lenye tisa. Zikawa kumi! Shufwa! Shimo la mpinzani likitimia shufwa, zote ni zako. Akazizoa zote. Themanini na tatu!

Sijui nani alipiga ukelele, labda ni mimi. Tanat alimkumbatia, wazee wakamrusha juu mara tatu, mzee mzima!

Nilipokuwa nafungua kamba ya mwanafarasi, Sapargali mchomeleaji akanisogelea. Naye alipelekwa Chernobyl, mwaka uleule.

"Shemeji," akanong'ona, "huyo daktari anaitwa nani? Juzi nimesahau jina la mjukuu wangu. Sijamwambia mtu."

Nikamwambia. Nyuma yake alikuwepo mwingine anasikiliza, na nyuma ya huyo mwingine tena, kofia mkononi. Jumatatu basi la asubuhi la Semey lilibeba wanaume hao watatu wa kijiji chetu, nami katikati yao nimeshika karatasi yenye majina yao, wanabishana kwa sauti nani ataingia kwanza kwa daktari.