Kikombe cha Alhamisi

Kila Alhamisi mzee Wangwe alipanda kilima kuja kunywa dawa ya presha kwa Mogesi. Dawa yenyewe ni mizizi ya mdaa, na sharti lake linajulikana: inanywewa hapohapo kwa aliyeichimba, mgonjwa akiwa ameketi. Ndiyo maana hakuna aliyewasema. Mjane na mgane wangekaa kibarazani saa nzima bila dawa katikati yao, vijiji vitatu vingepata habari.

"Chungu hii, mama Joel," Wangwe alisema. "Kama ulimi wa shemeji yangu Boke."

"Kunywa, baba Lilian. Boke mbona umemzoea."

Joel, mwana wa Mogesi, yuko Kewanja, kwenye kazi za mgodi. Hupiga simu Krismasi. Siku nyingine Mogesi aliongea na kuku, nao hawakuwa na jipya.

Jumatatu moja, akifagia, aliona ukuta nyuma ya kigoda cha Wangwe umechuruzika rangi ya kahawia hadi chini. Mdaa haufichiki, ndio huohuo mama yake aliotilia rangi vikapu. Alichutama akaligusa lile doa. Lilikuwa la siku nyingi, jipya juu ya la zamani.

Mchana Verdiana, mkwe wa Wangwe, akapita akitoka mnadani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mzee hajambo?"

"Mzima kabisa. Tangu aanze vidonge vya zahanati presha imeshuka. Nesi alimkataza kuchanganya na miti shamba. Sasa huku kwako hufuata nini?"

"Dawa ya miguu," Mogesi alisema.

Siku tatu aliliwaza lile doa. Kumwambia Wangwe kuwa ameliona ni kumwambia asije tena.

Alhamisi hakwenda kuchimba. Alichemsha mizizi ya wiki iliyopita mpaka maji yakashika rangi kidogo, kisha akakihamisha kigoda kutoka ukutani, akakiweka kando ya mgomba.

Wangwe alikitazama kigoda, akakaa. Mogesi akampa kikombe.

"Ngoja nikatafute chumvi," akasema, wala hapakuwa na kitu cha kutia chumvi.

Alisimama ndani, karibu na mafiga yaliyopoa, akasikia maji yakimwagika taratibu juu ya majani makavu. Akangoja yaishe. Akangoja tena kidogo.

Alipotoka kikombe kilikuwa kitupu.

"Ya leo kali," Wangwe alisema, akijifuta midomo mikavu.

"Alhamisi ijayo nitaipunguza."