Baba wa Ubatizo wa Mtambo

Mama hakutaka mengi mwaka ule. Alitaka msimu wa jalidi upite bila kumuuza Golondrina, ng'ombe wetu wa mwisho. Kila Juni baridi ya usiku huunguza majani yote ya mlimani kwetu Huayllapata, na asiye na pesa ya nyasi kavu humwangalia ng'ombe wake akikonda mpaka amuuze kwa bei ya kutupa. Pesa ya nyasi hutafutwa mapema, wakati wa mvua, maziwa yanapokuwa mengi. Lakini wakati huo kila nyumba ina jibini, na wachuuzi wa mjini hutuchezea bei watakavyo.

Ndiyo maana tuliunda chama, mama akawa mwenyekiti. Tuliiomba serikali ya mkoa mtambo wa kuchemshia maziwa na kutengenezea mtindi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu serikali ikasema ndiyo, ikatimiza. Mtambo ulifika Februari juu ya lori, unang'aa kama kikombe cha padri. Bi Noemí, mwenye maduka mjini, alikuwa ameshaonja mtindi wa mama akaupenda. Alisema atachukua wote tutakaotengeneza, ila utoke mtamboni, si kwenye sufuria, na uanze kufika kabla ya Pasaka.

Kwetu kitu kipya hakitumiki bila kubatizwa. Nyumba, lori, hata jezi za timu ya mpira zina baba wao wa ubatizo. Huja akavunja chupa iliyofungwa utepe, akamwagia ardhi bia, na yeye mwenyewe huleta zawadi. Basi tukakutana kumchagua baba wa mtambo. Nikasimama.

"Tumchague Inginia Yésica," nikasema. "Ameletwa na mkoa, lakini amelala kwenye ngozi zetu za kondoo, amekula viazi vyetu. Bila yeye tungekuwa bado tunaandika barua."

Mzee Gumercindo, mwenye duka, akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Rusbel, mwanangu, unautafutia mtambo mama wa ubatizo, au unajitafutia mchumba?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikawaka. "Cheka, mzee! Mtindi ukiharibika utacheka na nani?"

"Keti, Rusbel," mama akasema. Kisha akawageukia watu. "Inginia ni mtoto mzuri, lakini atatuletea nini? Keki. Tukimpata gavana, atatuletea barabara."

Mikono yote ikapanda, isipokuwa wangu.

Mama akashuka mjini kumwomba gavana jinsi desturi inavyotaka, na mkate, simbilisi wa kuchoma na chupa ya pombe kali. Gavana akala paja moja, akamkumbatia, akamwambia, "Tangu leo sisi ni ndugu." Mama alirudi akitembea kama bibi harusi. Tukaifunga chupa kwa utepe mwekundu kwenye bomba la mtambo, tukangoja.

Siku aliyotupangia tulichinja kondoo, tukakodi bendi ya tarumbeta. Mchana akapiga simu katibu wake: daraja limebomoka mahali, mheshimiwa ameenda kuliona. Tukala kondoo wetu wenyewe. Akatupangia siku nyingine, tukachinja tena. Safari hii katibu akasema mheshimiwa ana wageni kutoka Lima. Maziwa yalijaa ndoo, yakajaa mabeseni, tukarudi kwenye jibini, na wachuuzi wakatununulia huku wakitabasamu.

Inginia Yésica alipokuja kukagua, aliikuta chupa ikining'inia.

"Mbona haufanyi kazi?"

"Unamngoja baba yake," nikamjibu.

Hakucheka. "Mama Fortunata, mtambo huu ni wenu tangu uliposhuka kwenye lori. Hakuna sheria inayowazuia. Washeni leo."

"Binti yangu," mama akasema kwa upole, "ukimwalika mtu awe msimamizi wa harusi yako, utafunga ndoa kabla hajafika?"

"Asipofika, ndiyo."

Mzee Gumercindo akamsaidia mama. "Nyie wa mjini mna haraka. Tukiwasha leo, akija kesho tumwambie nini? Kwamba hatukumhitaji? Barabara itakwenda kwa wenye adabu kuliko sisi!"

Nilimsindikiza Inginia kwenye gari. Nikamuuliza kwa nini asimlete gavana mwenyewe, si ndiye bosi wake?

"Rusbel, kule ofisini mtambo wenu umekwisha," akasema. "Umenunuliwa, umefika, umeandikwa kwamba umefika. Hakuna anayeuliza kama unatoa mtindi. Naulizia mimi peke yangu, na wameshachoka na mimi." Akawasha gari.

Wiki moja kabla ya Pasaka akaja Bi Noemí mwenyewe, viatu vyake vyeupe vimejaa tope.

"Bi Fortunata, rafu zangu tupu."

"Nivumilie kidogo tu, mama. Mgeni wetu amesema atakuja baada ya Pasaka."

"Mimi sinunui mgeni. Nanunua mtindi."

"Ni gavana, Bi Noemí."

"Hata angekuwa askofu." Alimtazama mama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko tusi. "Kuna watu wa bonde la pili, wana kimtambo kidogo, kibovu kibovu. Lakini kinawaka." Akaondoka.

Nikachukua koleo nikaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha mtambo. Nilitaka kuukata utepe, niwashe, nimkimbilie Bi Noemí na ndoo ya kwanza mkononi. Mama akawahi mlangoni, akatandaza mikono.

"Mama, toka."

"Sitoki."

"Hatakuja! Alikula paja la simbilisi akasahau!"

"Mimi ndiye niliyekula naye, Rusbel. Nimetoa neno mbele yake na mbele ya kijiji. Ukiukata utepe huo, umenikata ulimi. Nitasimama vipi tena mbele ya watu?"

Mama yangu hajawahi kunipiga, na nisingeweza kumsukuma. Nikalitupa koleo kwenye majani nikaondoka.

Mvua zikaisha. Jalidi ikashuka ikayaunguza majani, na pesa ya nyasi haikuwepo. Majirani wakauza ng'ombe mmoja baada ya mwingine. Mama alikuwa akienda mtoni kung'oa majani ya maji kwa mikono mitupu, vidole vimepasuka, ampelekee Golondrina. Inginia Yésica tukasikia amehamishiwa kwenye mambo ya barabara. Barabara za wengine.

Gavana alikuja Agosti.

Alikuja na magari, na mpiga picha, na vijana wenye makoti ya rangi moja. Mmoja wao akasema mheshimiwa angependa kuona mtambo ukifanya kazi. Maziwa ya kijiji kizima siku ile hayakujaa ndoo moja. Kijana yule hakushangaa hata kidogo. Akaenda dukani kwa Mzee Gumercindo, akanunua maziwa ya unga, wakayakoroga na maji ya chemchemi wakamimina mtamboni. Gavana akaivunja chupa, tarumbeta zikalia. Akasema serikali ya mkoa iko bega kwa bega na wajasiriamali wadogo. Kisha akapewa glasi, akanywa, akapangusa mdomo.

"Haya ndiyo maziwa ya milimani!"

Watu wakapiga makofi. Na Mzee Gumercindo alipiga, macho yake yakitazama chini.

"Mheshimiwa ndugu yangu," mama akasema, "na ile barabara?"

"Iko kwenye mipango, ndugu yangu. Iko kwenye mipango." Akamkumbatia, wakapigwa picha, wakaondoka kabla chakula hakijaiva.

Mnunuzi wa ng'ombe alikuwepo, maana hufuata sherehe na lori lake. Mama akamwita yeye mwenyewe. Mtu yule akambonyeza Golondrina mgongoni, akataja bei, na mama hakubishana.

"Bado anakamuliwa?" nikamsikia mama akisema, kama vile yeye ndiye mnunuzi. Kisha akajijibu, "Kidogo. Asubuhi, ukimwimbia."

"Haidhuru, mama. Mimi nanunua nyama."

Golondrina alikataa kupanda. Mimi nilimsukuma kwa bega, Mzee Gumercindo akasukuma upande wa pili, kofia yake ya sherehe kichwani, mama akivuta kamba mbele. Hakuna aliyetania. Alipopanda na mlango ukafungwa, mama akagonga ubavu wa lori.

"Kamba ni yangu," akasema.

Mnunuzi akaifungua akaitupa chini. Mama akaiokota, akaikunja kwenye mkono, akaenda kuosha glasi za wageni.