Kichwa cha Mke wa Diwani

Wagombea wote wa udiwani wa kata walikuwa na vipaza sauti. Msusi alikuwa na watu wasioweza kuondoka. Ukishakaa kwenye kigoda chake na nywele zikagawanywa, wewe ni wake kwa saa nne, utake usitake. Wiki ya tatu sasa, kila aliyeingia saluni alitoka na mistari mizuri kichwani na jina la nesi mstaafu masikioni.

Nesi aligombea bila chama. Kila kikao cha baraza alikuwa akikaa benchi la wananchi, anaandika nani ameahidi nini, kisha anabandika karatasi kwenye mlango wa zahanati, watu wasome wenyewe.

Siku ya mkutano mkubwa wa diwani, aliyeingia kusukwa alikuwa mke wa diwani, na ndiye aliyempangisha msusi chumba kile cha saluni. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri wakaufyata. Msusi akasuka mpaka nusu ya kichwa bila kumtaja nesi.

"Nasikia humu ndani siku hizi ni mikutano tu," mke wa diwani akasema.

Msusi angeweza kujibu kuwa ni maneno ya watu, yakaisha. Lakini alimkumbuka mdogo wake, aliyejifungua kwenye zahanati ile huku mvua ikimdondokea kitandani. Diwani alipoulizwa habari ya paa, alisema anasubiri mwongozo wa chama. Huu mwaka wa tano, mwongozo uko njiani! Hasira ikampanda upya.

"Umesikia kweli, dada. Nawaambia wamchague nesi."

"Unaniambia mimi, usoni?"

"Ningesema kisogoni ungeniita mnafiki."

Mke wa diwani akainuka kwa kishindo, akajiona kwenye kioo: upande mmoja umelala vizuri, upande wa pili timutimu. Mkutano ulikuwa saa kumi. Akakaa tena. Mteja mmoja, mwalimu wa chekechea, akajifanya anakohoa.

"Mumeo sina ugomvi naye," msusi akaendelea, vidole vikikimbia. "Ni mcheshi, misibani hakosi. Ila tukimpelekea shida zetu, kwanza anawaangalia wakubwa wake usoni, wamenuna au wanacheka. Nesi hana wa kumwangalia isipokuwa sisi."

"Mtaje tena, na leo hii unahama."

Msusi akachukua fungu jingine la nywele. Miaka tisa alikuwa amefanya kazi ndani ya kuta zile, na wanawe wawili walikula kwa chumba kile. Aliogopa, tena sana. Angeweza kumpindishia mistari mwanamke yule akaenda kuchekwa jukwaani, lakini kazi ni kazi. Alimaliza msuko wa mwisho, akampangusa shingo, akampa kioo kidogo ajitazame kisogoni.

Mke wa diwani akajigeuza huku na huku. Alipendeza, na alijua. "Mikono yako ina baraka. Basi tumeelewana?"

"Tumeelewana, dada. Nipe nusu saa nitoe vitu vyangu."

Akabeba kigoda. Alipoinama kushika benchi la wateja, upande wa pili ulikuwa umeshainuliwa na mwalimu wa chekechea, ambaye hakuwa ameombwa na mtu. Wakaliweka ng'ambo ya barabara, ubavuni mwa duka la mkaa, jua likiwachoma. Mwalimu akakaa, akafungua kitambaa chake kichwani.

Muuza mkaa akatoka kuuliza kulikoni. Wapita njia wawili wakasimama, kisha watatu. Mwenye baiskeli akashuka. Msusi aligawanya nywele za mwalimu katikati, na kwa kuwa barabara ilikuwa na kelele, ikambidi apaze sauti kuliko alivyowahi kupaza ndani.

"Jumapili kura ni yako, si ya chama! Sasa sogeeni niwaeleze habari za nesi."

Mke wa diwani alisimama mlangoni mwa chumba kitupu, amependeza, akiwaona watu wanasogea.